Kabla Bumu Halijaishia Kwenye Kadi ya Grafiki

Bumu likitoka tu, kuna swali huwa nalisikia kila kona ya hosteli: "Nikiweka kadi ya grafiki kwenye hii desktopu yangu, itakubali?" Mmoja anasoma usanifu majengo, anataka kurenda kwenye Blender. Mwingine wa sayansi ya kompyuta amechoka kugombea mashine za maabara. Wa tatu, tuseme ukweli, anataka gemu la mpira. Wauzaji wengi hujibu kwa neno moja: itakubali. Mimi huwa najibu kwa swali: pawa saplai yako ni ya wati ngapi? Hapo ndipo wengi hunyamaza.

Desktopu nyingi tunazonunua Kariakoo ni mtumba, zilifanya kazi maofisini huko nje kabla ya kutufikia. Ni mashine imara, lakini ziliundwa kwa mtu wa kuandika barua na kujaza majedwali, na zikapewa umeme wa kutosha kazi hiyo. Dell OptiPlex 9020 ya mnara, ambayo ndiyo ninayoitumia mimi, ina pawa saplai ya wati 290. Ndugu yake mwembamba, ile ya kulala, ana wati 255. HP EliteDesk 800 G1 nyembamba ina 240. Sasa chukua kadi kama RTX 3060, ambayo peke yake hula wati 170, halafu uone hesabu inavyokataa.

Tufanye hesabu yenyewe

Mashine yangu ina prosesa ya i5-4590, ambayo imekadiriwa wati 84. Mazabodi, RAM, diski na feni huwa nazikadiria wati 50 kwa pamoja, na hapo nimekuwa mkarimu. Jumla ni 134. Nikiongeza kadi ya wati 75 nafika 209, na kwenye 290 inabaki nafasi ya wati 81. Hapo nalala usingizi. Nikiongeza ile ya wati 170 nafika 304, nimeshapita kikomo kabla hata sijachomeka flashi.

Nafasi inayobaki siyo ubahili. Kadi ikiwa kazini haili umeme kwa utulivu, kuna sekunde inaruka juu ya kiwango kilichoandikwa. Halafu pawa saplai ya mtumba imeshafanya kazi miaka mingi, haina nguvu za ujana. Mimi hupenda kubaki chini ya robo tatu ya uwezo wake.

Kitu kingine: usiishie kusoma namba kubwa kwenye stika. Prosesa na kadi ya grafiki hunywa hasa kwenye njia ya volti 12, kwa hiyo tafuta mstari wa 12V uone ampia zake, kisha zidisha. Ile fomula ya kidato, wati ni volti mara ampia, ndiyo hii hii. Tuseme umeuziwa pawa saplai imeandikwa wati 500, lakini mstari wa 12V unasema ampia 18. Hiyo ni wati 216 tu. Namba kubwa ilikuwa ya mapambo.

Kwa nini wati 75 ndiyo namba ya kukariri

Sloti ndefu ya kadi kwenye mazabodi, ile ya PCIe x16, kwa kanuni hutoa hadi wati 75. Kadi inayotosheka na hizo haihitaji waya mwingine wowote: unaichomeka, unafunga skrubu, basi. Kadi inayotaka zaidi huwa na tundu la plagi ya pini 6, inayoongeza wati 75, au pini 8, inayoongeza 150. Pawa saplai nyingi za mashine za ofisi hazina plagi hizo kabisa. Huo ni ujumbe wa mtengenezaji kwako: hapa sikupanga mzigo huo.

Kadi zinazoingia chini ya mstari huo zipo. GT 1030 hula wati 30, lakini ni ya kuonyesha picha zaidi kuliko kurenda. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya 2019 zote zimekadiriwa wati 75 na zina kumbukumbu ya GB 4. Ila angalia, GTX 1650 nyingine zimetengenezwa na tundu la pini 6, kwa hiyo ishike mkononi uikague kwanza. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, ina wati 70. RX 6400 ina wati 53, lakini hutumia njia 4 tu za PCIe, na kwenye mashine za zamani zenye PCIe 3.0 kasi yake hushuka.

Mwenye desktopu nyembamba ana masharti zaidi. Kadi yake lazima iwe fupi kwa kimo, na iwe na bati fupi la nyuma. Pia asome kitabu cha mashine yake, maana watengenezaji wengine huweka kikomo cha sloti chini ya wati 75.

Adapta na pawa saplai mpya

Fundi atakwambia, "Hakuna shida, nakuwekea adapta." Adapta ya kutoka plagi ya SATA kwenda pini 6 ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Plagi ya SATA imeruhusiwa ampia 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Pini 6 zinaweza kudai 75. Mkondo ukizidi kiwango hicho, kiplastiki hicho kidogo hupata joto kupita kiasi. Jirani yangu wa hosteli aliuziwa kadi kubwa pamoja na adapta ya namna hiyo wiki moja kabla ya kuwasilisha mradi wake. Dukani iliwaka vizuri. Chumbani, kila akianza kurenda, mashine inazima pu! Ilikuwa inajilinda. Bumu lote lilikuwa limeingia humo, na picha za mradi akaziombea laptopu ya mtu.

Hapo kuna somo: kuwaka siyo kazi. Kadi ikiwa imetulia hula wati chache sana, kwa hiyo mashine kuwaka dukani haithibitishi kitu. Mwombe muuzaji aipe mzigo dakika 20, ama rendi ama gemu zito, huku ukiwa umesimama hapo hapo. Ukiwa hapo fungua na programu ya GPU-Z, maana kuna kadi za kale zilizobandikwa jina jipya, na programu hiyo huweza kuziumbua.

Je, kubadilisha pawa saplai? Inawezekana, lakini OptiPlex 9020 hutumia plagi ya pini 8 kwenye mazabodi, wakati pawa saplai ya kawaida huja na plagi ya pini 24. Utahitaji waya wa kubadilishia, na kwenye kasha jembamba pawa saplai ya kawaida haiingii kabisa. Piga gharama zote kabla ya kusema kadi ni bei poa.

Na kama unakaa geto, kumbuka LUKU. Wati 209 zikipita kwenye pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 85 zinakuwa kama 246 ukutani. Saa nne za kurenda ni karibu uniti moja.

Mimi niliishia kwenye GTX 1050 Ti. Picha iliyokuwa inakula saa tatu za prosesa sasa inatoka chini ya saa moja. Siyo maajabu, na michoro mikubwa hujaza hizo GB 4 mapema. Lakini mashine haijawahi kuzima katikati ya kazi, na usiku wa kuamkia uwasilishaji hicho ndicho kitu pekee unachokihitaji.

Na kama kazi zako ni kuandika ripoti, SPSS na michoro ya AutoCAD ya bapa, acha kadi kabisa. Weka SSD na ongeza RAM, utaona tofauti siku hiyo hiyo. Wengine wote, kabla ya kupanda daladala kwenda Kariakoo, fungua kasha, piga picha stika ya pawa saplai, pima nafasi ya sloti, andika jina la prosesa. Nenda na namba zako mkononi. Muuzaji akisema "itakubali", mwambie akuonyeshe kwa hesabu.