Kwa nini Georgia hurudia kura

Novemba 3, 2020, Seneta David Perdue wa Georgia, wa chama cha Republican, aliongoza kwa asilimia 49.7 ya kura. Mpinzani wake wa Democratic, Jon Ossoff, alipata 47.9. Katika majimbo mengi ya Marekani, Perdue angekuwa ameshinda, kama mbunge wa Kenya au Tanzania anavyotangazwa kwa kumpita mwenzake hata kwa kura moja. Georgia ina sharti jingine: mshindi lazima avuke nusu ya kura. Asipovuka, wawili walioongoza huingia duru ya pili.

Duru hiyo ilipigwa Januari 5, 2021, na viti vyote viwili vya jimbo katika Seneti viligombewa siku moja. Kiti cha pili kilikuwa cha Johnny Isakson, aliyejiuzulu mwishoni mwa 2019 kwa sababu ya afya. Gavana Brian Kemp alimteua Kelly Loeffler, naye wa Republican, akishike kwa muda. Ossoff alimpita Perdue kwa kura zipatazo 55,000. Mchungaji Raphael Warnock wa Democratic, wa kanisa la Ebenezer alikohubiri Martin Luther King, alimshinda Loeffler na kuwa seneta wa kwanza Mweusi wa Georgia. Seneti ikagawanyika 50 kwa 50 kati ya vyama hivyo viwili, na kura ya kuamua ikawa mikononi mwa Makamu wa Rais, Kamala Harris.

Ukisikia sharti la nusu ya kura, utaliona la haki tupu. Chimbuko lake ni jingine. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta mfumo wa Georgia uliozipa kaunti ndogo za mashambani uzito zaidi kuliko miji. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sharti hili. Aliyelipigania sana, Denmark Groover, alikuwa mtetezi wa ubaguzi aliyeshindwa uchaguzi wa 1958 na kuwalaumu wapiga kura Weusi. Hofu ilikuwa kwamba Wazungu wakigawana kura kati ya wagombea wengi, mgombea wa Weusi angeongoza. Duru ya pili ingewaunganisha Wazungu dhidi yake.

Tangu hapo kila chama kimeivuta sheria upande wake. Mwaka 1992 Seneta Wyche Fowler wa Democratic aliongoza Novemba, akashindwa na Paul Coverdell wa Republican wiki tatu baadaye, wapiga kura wakiwa wamepungua kwa karibu milioni moja. Chama chake, kilichotawala bunge la jimbo, kikashusha kiwango hadi asilimia 45. Republican walipokamata bunge hilo walikirudisha kuwa nusu.

Badiliko linalonisikitisha zaidi ni la 2021. Baada ya viti vile viwili kupotea, Republican walipunguza muda kati ya duru mbili kutoka wiki tisa hadi nne. Kabla ya hapo, kijana aliyetimiza miaka 18 baada ya Novemba aliweza kujiandikisha hadi Desemba 7 na kupiga kura Januari. Sasa daftari hufungwa kabla hata matokeo ya duru ya kwanza hayajajulikana. Warnock alishinda tena chini ya utaratibu huo, Desemba 6, 2022, dhidi ya Herschel Walker, lakini ushindi wake hauihalalishi kasoro hiyo. Sharti la nusu libaki. Bunge la Georgia liwarudishie wapiga kura wapya muda wa kujiandikisha.