Mji wa Bombay na Mambo Yake ya Kutazamwa

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya katika kijitabu, leo twawaleteeni habari za mji mkubwa wa bandari katika Bara Hindi, yaani Bombay, ambao tangu mwaka 1995 jina lake rasmi ni Mumbai. Kwa watu wa pwani yetu jina hili si geni. Kwa karne nyingi jahazi za Bara Hindi zilishuka na kaskazi mpaka Mombasa na Unguja, zikangoja kusi, kisha zikarudi kwao. Maneno kama dobi, gari, rupia na chapati yalitoka upande ule, nasi leo twayatamka kana kwamba yalizaliwa hapa.

Mgeni afikaye Bombay akauliza atazame nini kwanza, huambiwa: Lango la Bara Hindi, hoteli kubwa iliyo karibu nalo, stesheni ya gari la moshi, na njia ya ufukweni. Jibu hilo si baya. Walakini mtu akizunguka hivyo bila kujua jambo moja, ataona mawe tu. Jambo lenyewe ni hili: sehemu kubwa ya ardhi atakayoikanyaga ilikuwa bahari.

Hapo zamani palikuwa na visiwa saba vidogo, wakikaa humo Wakoli, watu wa kuvua samaki, ambao wajukuu wao wangalipo mjini hata leo na nyavu zao. Wareno walivitawala visiwa hivyo. Mwaka 1661 vikaahidiwa kuwa sehemu ya mahari ya binti wa mfalme wa Kireno aliyeolewa na Charles wa Pili, mfalme wa Uingereza. Mfalme huyo hakuona faida navyo. Mwaka 1668 akawapangisha Kampani ya Uingereza ya Mashariki ya Bara Hindi kwa pauni 10 kwa mwaka. Kati ya kisiwa na kisiwa palikuwa na mikono ya bahari na matope. Maji yakijaa watu walipita kwa mashua, yakipwa walipita kwa miguu. Katika miaka ya 1780 ukuta mkubwa wa mawe ulijengwa kuziba mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Bombay na kile cha Worli. Baada ya hapo vilima vilichongwa, kifusi kikamwagwa majini, na kufikia katikati ya karne ya 19 visiwa saba vilikuwa nchi moja. Kazi hiyo ilifanywa kwa majembe na vikapu vichwani. Majina ya magavana yamehifadhiwa katika vitabu. Ya wale wachukuzi hayakuandikwa.

Sasa twende kwenye Lango. Limesimama ukingoni mwa maji, kimo chake futi 85, tao moja kubwa katikati na minara minne juu, limejengwa kwa mawe ya rangi ya manjano na saruji iliyotiwa vyuma. Lilikusudiwa kuwa ukumbusho wa kushuka kwa Mfalme George wa Tano na Malkia Mary mwezi wa Desemba, 1911. Mfalme mwenyewe hakuliona, kwani siku ile palikuwa na mfano tu wa karatasi ngumu. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1913, pakajazwa bahari ili kupata uwanja, na Lango likafunguliwa tarehe 4 Desemba, 1924. Msanifu wake alikuwa George Wittet. Basi tazameni mambo ya ulimwengu: lango lililojengwa kuonyesha ukuu wa watawala waingiao, ndilo walilotokea. Bara Hindi ilipata uhuru tarehe 15 Agosti, 1947, na tarehe 28 Februari, 1948, kikosi cha mwisho cha askari wa Kiingereza kilipita chini ya tao lile kwa gwaride, kikapanda merikebu kikaenda zake. Lilikuwa halijatimiza miaka 24. Leo hapo hupigwa picha, huuzwa karanga, na njiwa hutua kwa mamia.

Ng'ambo ya uwanja iko hoteli ya Taj Mahal, iliyofunguliwa mwaka 1903 na Jamsetji Tata, tajiri wa Kiparsi. Kuba lake jekundu hujulikana duniani kote, na mwezi wa Novemba, 2008, lilionekana likifuka moshi, wakati watu wenye silaha waliofika kwa njia ya bahari walipoushambulia mji kwa siku kadhaa na kuwaua watu 166. Habari za hoteli ndizo zilizoenea. Lakini katika stesheni kuu waliuawa zaidi ya 50, kuliko waliouawa hotelini, na wengi wao walikuwa abiria wa kawaida wenye mabunda yao wakingoja gari. Mgeni apitaye hapo na ayakumbuke hayo mawili pamoja.

Stesheni yenyewe yastahili saa nzima ya kutazama. Iliitwa kwa jina la Malkia Victoria. Tangu mwaka 1996 huitwa kwa jina la Shivaji, mfalme shujaa wa Wamaratha. Ilianza kujengwa mwaka 1878, ikachukua miaka kumi. Msanifu Frederick William Stevens alichanganya minara ya Kiingereza na nakshi za Kihindi: tausi, nyani, majani na nyuso za watu zimechongwa katika mawe. Karibu na hapo ndipo lilipoondoka gari la moshi la kwanza la abiria katika Bara Hindi, tarehe 16 Aprili, 1853, likaenda Thane, mwendo wa maili 21. Ushauri wangu ni kwamba mtu asiingie humo asubuhi wakati wa kwenda kazini. Umati utamchukua atakako na asikotaka.

Soko la Crawford, lililomalizika mwaka 1869, si mbali, na katika miezi ya Aprili na Mei hunukia embe. Makumbusho makuu ni mazuri. Nyumba ya Mani Bhavan, alimokuwa akifikia Gandhi kati ya mwaka 1917 na 1934, ni ndogo na kimya, nayo huonyeshwa chumba chake chenye magurudumu ya kusokotea pamba. Na pale Mahalaxmi, ukisimama juu ya daraja, utawaona madobi wakipiga nguo katika mabirika ya saruji yaliyopangwa safu kwa safu. Ndipo utakapojua neno letu lilikotoka.

Jioni watu wote huelekea Marine Drive. Ni njia ipindayo kama upinde kando ya ghuba, urefu wake zaidi ya maili mbili, na taa zake zikiwashwa huonekana toka mlimani kama ushanga, hata ikaitwa Mkufu wa Malkia. Nayo pia imejengwa juu ya bahari iliyojazwa. Majumba yaliyopangwa kandokando yake, mengi ya miaka ya 1930 na 1940, yana pembe za mviringo na roshani ndefu kama za meli. Mwisho wake ni mchanga wa Chowpatty, ambako huuzwa bajia na vyakula vya chachu na pilipili, nako ndiko sanamu za Ganesha huletwa kwa ngoma zikazamishwa baharini siku ya mwisho ya sikukuu yake.

Je, bahari imeridhika kuporwa? Kwa miaka mingi mvua za masika zilijaa njiani zikapwa, watu wakazoea. Lakini tarehe 26 Julai, 2005, katika kitongoji cha Santacruz, zilinyesha milimita 944 kwa siku moja. Bahari nayo ilikuwa imejaa, maji ya mvua hayakuwa na mahali pa kutokea. Mto Mithi ulikuwa umebanwa kwa majumba na takataka, na mikoko iliyokuwa ikipokea maji ilikuwa imekatwa sehemu nyingi. Mamia ya watu walikufa, wengine ndani ya magari yao. Watu wa pwani wajuao kazi ya mikoko hawatahitaji maelezo zaidi.

Mahali panapoonyesha vema mapatano ya mji na maji ni kaburi la walii Haji Ali, lililo juu ya mwamba baharini upande wa Worli. Lasemwa kuwa lilijengwa mwaka 1431. Wasimulizi husema kwamba walii huyo alikuwa mfanya biashara tajiri wa Bukhara, akagawa mali yake, na alipokufa jeneza lake lilielea likakwama hapo. Kutoka nchi kavu kuna njia nyembamba ya mawe, yadi 500 hivi, isiyo na ukuta kila upande. Maji yakijaa, mawimbi huifunika, na kaburi huwa kisiwa. Yakipwa, maelfu hupita, Waislamu na Wahindu pamoja, wenye afya na viwete. Kwa miaka michache wanawake walikatazwa kukaribia kaburi lenyewe, hata Mahakama Kuu ya Bombay ilipoamua mwaka 2016 kwamba wana haki sawa na wanaume. Aendaye huko na aulize kwanza habari za maji, kwani akikawia kutoka atangoja saa kadhaa.

Safari ya mwisho ni ya mashua. Kutoka Langoni, kwa muda wa saa moja hivi, hufikiwa kisiwa cha Gharapuri, ambacho Wareno walikiita Elephanta kwa sababu ya ndovu wa jiwe waliyemkuta huko. Ndovu huyo sasa yuko mjini, katika bustani ya Byculla. Kisiwani mna mapango yaliyochongwa ndani ya mwamba miaka 1,400 iliyopita na zaidi, yaani kabla ya Mreno na Mwingereza, kabla ya mji wenyewe. Nguzo hazikusimamishwa, ni mwamba uliosazwa wakati mwingine wote ulipotolewa. Ndani gizani imo sanamu ya Shiva yenye nyuso tatu, kimo chake yapata mara tatu ya mtu: uso mmoja mkali, mmoja mpole, na wa katikati umefumba macho. Nyingine nyingi zimevunjwa mikono na miguu.

Wageni hurudi mjini jioni, lakini kisiwani wako wenyeji wenye vijiji vyao. Kila usiku waliziona taa za Bombay ng'ambo ya maji, nao wenyewe hawakuwa na umeme ila wa mashine kwa saa chache. Waya ulipitishwa chini ya bahari, ukawafikia mwezi wa Februari, 2018. Mapango hufungwa siku ya Jumatatu, na katika miezi ya mvua yafaa kuuliza Langoni kama mashua zinakwenda.