Saa zetu 2 zilipotelea ndani ya mashini ya pwentaje

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama munaongojea mwisho wa mwezi, tunataka kuwaelezea ile maneno ya pwentaje ya mulango wa pili hapa Kolwezi, juu mengi yanasemwa kwenye kartye na mengine si kweli.

Mashini mpya ya kidole iliwekwa, na kisha watu wa ekipe ya asubuhi wakaanza kupata mushahara pungufu. Mutu anaingia 6h00, anatoka 14h00, lakini karatasi yake ya mushahara inahesabu saa 6 kwa siku pahali pa 8. Tena wengine walipata barua kwamba wanatoroka kazi mbele ya saa. Wale wa mulango wa kwanza, kazi ileile, walipata zao zote. Kuko nyumba moja bwana na bibi waligombana wiki nzima, bibi anasema feza ingine inabakia kwenye pombe. Maskini, hakukunywa.

Sisi tulizania ni watu wa paye wanatuibia, na tulikuwa tayari kusimamisha kazi. Lakini delege wetu mumoja alifanya jambo dogo: alisimama kwenye mulango wa pili na saa yake ya mukono na dafutari. Mutu anatia kidole 6h00, mashini inaandika 4h00. Anatoka 14h00, inaandika 12h00. Programu ya paye inajua ekipe inaanza 6h00, basi saa zilizo mbele ya pale haizihesabu. Inabakia kuanzia 6h00 mpaka 12h00. Saa 6, njo ile.

Zilipotea saa 2 kamili, kila siku, kwa kila mutu. Mwizi haibake vile. Hapa kwetu tuko saa 2 mbele ya saa ya Greenwich (Kinshasa wako 1 tu). Mashini yetu ilikuwa inaishi Greenwich.

Sababu ni hii. Ile mashini ni ordinatere kadogo, haina nguvu ya kujitengenezea programu. Programu yake inatengenezwa kwenye ordinatere kubwa ya tekinisiye, yenye prosesa ya Intel, lakini itatumika kwenye prosesa ingine, ya ARM. Hizo mbili hazisikilizane luga. Ukitia programu ya Intel ndani ya ARM, inakataa palepale, na kila mutu anaona kuko shida. Ile haitutishe. Inayotutisha ni programu inayokubali kutembea, na kumbe imepungukiwa na kitu.

Mbele ya kutengeneza, tekinisiye anachagua ndani ya fishie ya konfigurasio: tia hiki, acha hiki, juu nafasi ni ndogo. Kwa Buildroot, chombo kinachotumiwa sana kwa kazi ya namna hii, orodha ya saa za inchi zote ni kitu cha kuchagua. Usipoichagua, haiingie. Kisha programu inatafuta Africa/Lubumbashi, haiioni, na hailalamike: inashika saa ya Greenwich na kuendelea. Kwenye ordinatere ya tekinisiye orodha iko, basi alipojaribu kwake, yote ilikuwa muzuri. Kwenye mulango hakuna aliyejaribu.

Kompanyi ilikubali ilipoona dafutari ya delege, na saa zililipwa mwezi uliofuata. Lakini zile barua zingali ndani ya dosie za watu, na hatutanyamaza mpaka zitoke. Tumeomba pia kwamba kila mara programu mpya inaingia, delege asimame mulangoni kwa ekipe zote, na namba ya programu iandikwe.

Mulango wa tatu utapata mashini yake hivi karibuni. Ukitia kidole pale, angalia ekra. Kama saa haifanane na ya mukono wako, ita delege mbele ya kushuka, si mwisho wa mwezi.