Motokari ya umeme: mzigo gani uende mbele, gani ubaki nyuma?

Masomo yakifungwa Ulaya, mwezi wa saba na wa nane, jamaa nyingi za Wakongomani wanaoishi Brussels hushika barabara kuelekea Ufaransa. Wengine wanaenda Lyon kwa shangazi, wengine Marseille, safari ya kilometa zaidi ya 1000, ili watoto waone bahari. Zamani mambo yalikuwa mepesi: unajaza tanki, unajaza kofre, unafunga valizi zingine juu, unaondoka. Leo motokari ya umeme imeingia katika jamaa hizo, na mtu aliyezoea kupakia kama kwetu, yaani mpaka mlango ukatae kufunga, anaweza kujikuta saa nane ya usiku mbele ya prizi ya umeme, kable yake ikiwa chini ya valizi sita na watoto wakilia.

Kitu cha kwanza kinachowashangaza wageni wa motokari hizi: ukifungua kapo, hakuna moteri kubwa. Moteri ya umeme ni ndogo na iko karibu na magurudumu. Betri imelala chini ya sakafu, kwa hiyo kobalti ya Kolwezi, kwa zile betri zinazoitumia, iko chini ya miguu ya abiria. Mbele inabaki nafasi tupu, na watengenezaji wengi wameigeuza kofre ya pili.

Lakini ukubwa wake si sawa kwa wote. Tuupime kwa bidoni ya njano ya lita 20 tunayochotea maji. Tesla Model Y ina lita 117 mbele, karibu bidoni sita. Hyundai Ioniq 5 yenye moteri ya nyuma pekee ina lita 57, bidoni karibu tatu. Ile yenye moteri mbili ina lita 24 tu, bidoni moja na kidogo. Ford F-150 Lightning, pickup ya Marekani, inafika lita 400: bidoni 20 kamili. Na Volkswagen ID.4 haina kofre ya mbele hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kumwahidi mama kwamba kikapu chake kitapata nafasi, fungua kwanza kapo uone.

Kofre hiyo ya mbele ina faida moja ambayo Mkongomani anaielewa haraka: imetengana na mahali watu wanapokaa. Makayabu yaliyonunuliwa Matonge, ama sambaza kavu zilizotoka Bukavu, zikikaa mbele ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, hakuna atakayelalamika harufu mpaka Lyon. Vitu vikavu tu lakini. Hewa baridi ya ndani ya gari haifiki kule, na jua la mwezi wa saba linapiga juu ya kapo. Sombe iliyopikwa, nyama, na zaidi ya yote insulini ya bibi, ambayo joto linalopita digrii 30 linaiharibu, vikae ndani pamoja na watu, katika boksi la barafu.

Sasa kable. Kwenye vituo vya kuchaji haraka vya barabara kuu, kable imefungwa kwenye mashine, yako haihitajiki. Ndiyo maana watu huitupa chini kabisa ya kofre na kuisahau. Lakini kwenye prizi nyingi za mijini, na kwenye hoteli, mashine ina tundu tu, bila kable. Kituo cha haraka kikiharibika, utaishia hapo. Weka kable mbele, juu ya vitu vingine. Pompi na dawa ya kuziba mpira uliotoboka pia zihamie mbele, kwa sababu motokari nyingi za umeme hazina mpira wa akiba, na vifaa hivyo mara nyingi vimefichwa chini ya sakafu ya kofre ya nyuma. Nani anataka kushusha valizi zote kando ya barabara, magari yakipita kwa kilometa 130 kwa saa?

Jile ya kung'aa ni hadithi nyingine. Sheria ya Ufaransa inataka iwe ndani, mahali shofere anaifikia kabla ya kutoka. Halafu kapo nyingi hufunguliwa kwa umeme. Betri ndogo ya volti 12 ikizima, kilichofungiwa mbele kinaweza kubaki huko. Karatasi za gari na maji ya kunywa visiende mbele kamwe.

Uzito ndio unaosahaulika zaidi. Betri peke yake inaweza kupita kilo 400, na inakula sehemu ya mzigo unaoruhusiwa. Chukua karatasi ya gari, tafuta F.2, toa G: kinachobaki ni abiria na mizigo, shofere akiwa amekwisha kuhesabiwa. Tuseme kimebaki kilo 400. Watu wazima wanne wa kilo 70 ni 280. Zimebaki 120. Mifuko miwili ya fufu ya kilo 25, na tayari valizi zinaanza kubishana.

Na lile boksi la juu ya paa? Upepo unalipiga bila huruma. Kutoka kilometa 110 kwenda 130 kwa saa, nguvu ya upepo inapanda kwa karibu asilimia 40, hata bila boksi. Ukiongeza boksi, utasimama kuchaji mara nyingi zaidi, na kila kusimama ni kama nusu saa na pesa. Mimi ningeacha valizi moja nyumbani.

Kabla ya kuondoka, bonyeza kapo kwa mikono miwili mpaka usikie imeshika. Si maneno ya kutisha bure: mwezi wa saba 2024, Tesla iliita gari kama milioni 1,85 nchini Marekani kwa sababu gari liliweza kushindwa kutambua kapo ambayo haijafungwa vizuri. Ilirekebishwa kwa kubadilisha programu.

Mkirudi Brussels, osheni ile kofre ya mbele. Ford Mustang Mach-E ina tundu la kutoa maji chini, unaweza kuimwagia. Zisizo na tundu, tumia kitambaa na ndimu, uache kapo wazi mchana mzima, maana harufu ya makayabu hukawia kuondoka.