Upepo wa Juu na Kimbunga

Mvuvi wa Likombe atakapo kujua habari za tufani hutazama bahari. Hakosei, maana bahari ndiyo iilishayo tufani. Lakini kukua kwake au kufa kwake huamuliwa pia juu sana, mahali jicho lake lisipofika.

Kimbunga huanza juu ya maji yenye joto la digrii 26 au zaidi. Mvuke hupanda, hupoa, hugeuka mawingu, na katika kugeuka hutoa joto lile uliolichukua baharini. Hewa ya kati huwa nyepesi ikapanda kwa nguvu, na pepo za chini hukimbilia pale pale. Kwa kuwa dunia inazunguka, pepo hizo hupindwa. Kusini ya ikweta huzunguka kama mishale ya saa.

Basi hewa hiyo yote ipandayo sharti ipate pa kutokea. Ifikapo juu kama kilomita 12 hata 15 hutawanyika pande zote. Tena nguzo ya mawingu sharti isimame wima. Tazameni moshi wa tanuri la chokaa: siku ya shwari hupanda umenyooka kama mnazi, lakini upepo ukivuma huko juu, kichwa chake hukatwa kikapelekwa mbali. Na kimbunga ni vivyo hivyo. Pepo za juu zikiwa kali, au zikienda upande usio wa zile za chini, mawingu huondolewa juu ya kitovu, na joto hupotea bure. Hewa kavu nayo ikiingia huyanywa mawingu.

Mwezi wa Aprili 2019 kimbunga kilichoitwa Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazija. Bahari ilikuwa na joto, na pepo za juu hazikukisumbua. Kikakua upesi mno, hata upepo wake ukapita kilomita 200 kwa saa. Watu wa Mtwara walionywa wajihadhari. Tarehe 25 kilipiga ng'ambo ya Ruvuma, katika Msumbiji, kaskazini ya mji wa Pemba (sicho kile kisiwa cha Pemba), kama kilomita 200 tu kutoka Mtwara. Huko watu walikufa, na nyumba maelfu zikabomoka.

Aprili 2021 kilikuja kingine, Jobo, kikielekea pwani ya Tanzania. Bahari ilikuwa na joto vile vile. Lakini pepo za juu zilikipinda, na hewa kavu ikakiingia, kikanyong'onyea kabla ya kufika nchi kavu.

Kwa hiyo wapimaji wa hali ya hewa hawatosheki na kupima bahari. Hurusha puto lenye chombo kidogo, nalo hupanda kupita kilomita 20, kisha hupasuka. Lakini habari za upepo limekwisha kuzileta chini.