Jani nililolijua kwa mikono

Maradhi yaliyonipata nilipovuta biri yangu ya kwanza hayakuwa mageni kwangu. Hilo ndilo lililonishangaza, na ndilo lililonilazimu kuyaandika haya kwa namna nyingine kabisa, maadamu nilikuwa nimekusudia kumchekesha msomaji kwa kisa cha mwalimu mstaafu aliyejiingiza katika anasa za wakwasi.

Biri niisemayo hapa si ile nyembamba ya Kihindi, yenye chembechembe za tumbaku zilizoviringwa ndani ya jani kavu na kufungwa uzi. Nasema ile nene, iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku tangu kiini hadi ganda, isiyo na karatasi wala kichungi. Ile ambayo wengi wetu tumeiona tu katika picha za kina Churchill na Castro. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa, baharia mstaafu ambaye mimi humwita Nahodha ingawa melini kazi yake ilikuwa ya mitambo, alikwenda kumzuru bintiye ng'ambo akarejea na kisanduku chenye biri nane, mbili za kila aina. "Mwalimu," akaniambia, "wewe umeandika juu ya kila kitu. Hiki hujakionja."

Kweli sikuwa nimekionja. Sikuwa nimewahi hata kuvuta sigara, na sababu yake nitaieleza.

Kwa kuwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 haitoi ruhusa ya kuvuta mahali pa umma, tulipanda darini kwake, Mji wa Kale, baada ya sala ya magharibi. Palikuwa na dele la kahawa tungu, sahani ya halua, na upepo wa bahari wa kuchukua moshi. Mimi nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Nahodha alinisihi nianze na ile ya rangi hafifu, nami, kwa kiburi cha mtu aliyezoea kufundisha badala ya kufundishwa, nikachagua nyingine iliyonipendeza kwa unene wake. Ilitoka Nicaragua, bonde la Estelí, ambako udongo ni mweusi wa volkano na tumbaku hupata nguvu kama pilipili. Nikaivuta kama nilivyoona watu wakivuta sigara: moshi hadi mapafuni, pafu baada ya pafu, upesi upesi.

Haikufika hata nusu. Mate yalinijaa kinywani, jasho baridi likanitoka kipajini, dari ikawa inayumba mithili ya jahazi lililokata nanga. Nahodha alinipa halua kwa nguvu na chai yenye sukari nyingi, akicheka. "Umelewa tumbaku," akasema. "Wote huanza hivyo." Lakini mimi sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nimeinamia ndoo huku nikijiuliza ni wapi nilipata kuugua ugonjwa uu huu, kwa mpangilio uu huu: mate kwanza, kisha jasho, kisha kichwa, kisha tumbo.

Niliugua nyumbani, Kuria, mwishoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Tulilima tumbaku ya kampuni. Wakati wa mavuno tuliamka alfajiri, kabla ya shule, tukaingia shambani umande ukiwa bado umetanda, tukachuma majani na kuyakumbatia kifuani hadi shati likalowa. Utomvu wake uliganda vidoleni ukawa mweusi kama lami, na sabuni haikuufua. Ukijilamba kidole kwa bahati mbaya, uchungu wake ulikaa ulimini hadi mchana. Baadhi ya siku nilifika darasani nikiwa natapika. Mwalimu alidhani ni malaria. Mama naye alitapika, akiwa mjamzito na asipokuwa mjamzito, na hakuna aliyelipa jambo hilo jina. Siku hizi wataalamu huyaita maradhi ya tumbaku mbichi: nikotini huyeyuka katika umande uliolala juu ya jani, ikapenya ngozi na kuingia katika damu. Na moshi wa biri, tofauti na ule wa sigara nyingi, hupitisha nikotini katika utando wa kinywa hata usipoumeza, ndiyo sababu mvutaji wa biri hana haja ya kuufikisha mapafuni. Basi kule iliingia kwa ngozi, na huku ikaingia kwa kinywa na mapafu kwa pamoja. Mgonjwa alikuwa yule yule.

Nilidhani sitagusa tena. Wiki mbili baadaye nikapanda tena dari ile, nimeshiba wali.

Safari hii nilikubali kufundishwa. Kichwa cha biri kina kikofia kidogo cha jani. Hukatwa hicho tu, upana wa kucha, kwani ukizidisha ganda lote hufumuka. Huwashwa kwa njiti ya mti, si kwa kiberiti cha petroli kinachoacha harufu yake, na ncha huchomwa polepole pembeni mwa mwali kabla ya kuvutwa. Kisha pafu moja kwa dakika, moshi ukae kinywani na kutoka. Biri hii ya pili ilikuwa ya Jamhuri ya Dominika, bonde la Cibao, imevikwa ganda la rangi ya maziwa ya chai, jani la aina ya Connecticut linalokuzwa chini ya kivuli cha vitambaa ili liwe laini. Ladha yake ilikuwa ya nyasi kavu, njugu za kukaanga, na kitu kama malai. Ilikuwa mpole hata ikanichosha. Sina zaidi la kusema juu yake ila kwamba sikuugua.

Ya tatu ndiyo niliyoingojea, kwani ilikuwa ya Kuba. Sifa zake nilikuwa nimezisoma: mkoa wa Pinar del Río, eneo la Vuelta Abajo, ambako wajuzi wasema hukua tumbaku isiyo na mfano. Nilikuwa pia nimesoma kuhusu wasomaji wa viwandani, desturi iliyoanza Havana mwaka 1865, ambapo mtu hukaa juu ya jukwaa akiwasomea wasokotaji magazeti asubuhi na riwaya baadaye. Na ndiyo maana kuna biri ziitwazo Montecristo, kwa riwaya ya Dumas. Mwalimu yeyote atapenda kiwanda cha namna hiyo. Na nilijua kisa cha Rais Kennedy, jinsi msemaji wake, Pierre Salinger, alivyosimulia kwamba alitumwa kumtafutia biri za Kuba zaidi ya elfu moja usiku mmoja kabla ya rais kutia sahihi amri ya vikwazo mwezi wa Februari 1962.

Basi nikaiwasha kwa heshima zote. Haikuvutika. Nilinyonya hadi mashavu yakaniuma, na kilichotoka ni uzi wa moshi usioweza kumkera mbu. Nahodha naye akajaribu yake, ikapita vizuri, akafumba macho kwa raha huku mimi nikihangaika. Niliwahi kusikia kwamba hata iliyo bora huweza kusokotwa kwa kukazwa mno, kwa kuwa ni kazi ya mkono wa mtu. Ila kusikia ni kimoja, na kunyimwa ni kingine. Hatimaye nikaomba kisu, nikaipasua kwa urefu juu ya sinia.

Sijutii, kwani hapo ndipo niliposoma zaidi ya nilivyosoma kwa kuvuta. Ndani palikuwa na majani yaliyokunjwa kama pazia, yamefungwa kwa jani gumu zaidi, kisha ganda la nje, jembamba na lisilo na kasoro. Nahodha alijua majina ya Kikuba ya majani ya ndani. Volado hutoka chini ya mche, huwaka kwa urahisi. Seco hutoka katikati, huleta harufu. Ligero hutoka juu, yaliyopigwa na jua zaidi. Ni mazito, ni makali, huwaka taratibu, na msokotaji huyaweka katikati kabisa. Lakini alipokwisha kuyataja, mimi ndiye niliyemweleza kwa nini. Sisi pia tulichuma kutoka chini kwenda juu, majani mawili matatu kila mara, wiki baada ya wiki. Nilikuwa nayajua ya juu kwa kuyashika tu, kwa unene wake na kwa utomvu wake uliokataa kutoka. Nahodha alinitazama kana kwamba nimeficha jambo miaka yote ya urafiki wetu. Labda nilificha. Watu wa kwetu tuliosomeshwa kwa tumbaku hatuitaji sana.

Tofauti ilikuwa katika yaliyofuata baada ya kuchuma. Sisi tulifunga majani katika fito, tukayaning'iniza ndani ya bani, yaani lile jengo la kukaushia, tukawasha moto wa kuni ambao joto lake lilipita ndani kwa mabomba, usiku na mchana kwa muda wa kama wiki moja. Mimi na kaka yangu tulilala mlangoni mwa bani tukiuchunga moto, kwani ukizidi jani huungua na ukipungua huoza, na kwa vyovyote vile mapato ya mwaka mzima hupotea. Kisha marobota yalikwenda, yakapangwa madaraja na mtu tusiyeweza kubishana naye, gharama za mbolea na mbegu zikakatwa, na kilichobaki kikaitwa malipo. Kaka alianza kuvuta sigara pale pale mlangoni mwa bani ili asisinzie, na hakuacha hadi kifua kilipomtoa duniani. Hiyo ndiyo sababu niliyoahidi kuieleza.

Jani la biri halioni moto. Hutundikwa kivulini, katika nyumba yenye upenyo wa hewa, wiki kadhaa, hadi rangi ya kijani igeuke kuwa ya hudhurungi. Kisha hurundikwa marundo makubwa yakapata joto lenyewe kutoka ndani, kama samadi ifanyavyo, na watu huyafumua na kuyapanga upya ili lisizidi. Ukali wa amonia hutoka hapo. Baadaye hulazwa tena mwaka, miwili, au zaidi. Subira hiyo ndiyo inayonunuliwa. Nilipokuwa nikiyatandaza yale majani sinianini niliona wivu, si kwa mvutaji, bali kwa mkulima ambaye jani lake hupewa muda.

Biri ya nne ilisokotwa Jamhuri ya Dominika, lakini ganda lake, Nahodha aliniambia kwa fahari kana kwamba yeye ndiye aliyelilima, lilitoka Kameruni. Ni mbegu ya Sumatra iliyopandwa katika ardhi ya Afrika, na jani lake lina vipele vidogo vidogo uvihisivyo kwa kidole, mithili ya ulimi wa paka. Sikujua kwamba wapenzi wa biri duniani hulitafuta jani la Mwafrika kwa jina. Niliivuta saa nzima na robo. Mwanzoni ilikuwa tamu, kama gome la mdalasini. Katikati ikawa na harufu ya mbao zilizorandwa, na kahawa tungu ikaiamsha vizuri kuliko kinywaji chochote ningaliweza kukifikiria. Mwishoni ikawa chungu, nami nikaiacha izimike yenyewe, kwani biri haipondwi. Naam, niliipenda. Sioni fahari kulisema hilo, wala sioni haja ya kulificha. Najua kwamba biri moja kubwa huweza kuwa na tumbaku sawa na ya pakiti nzima ya sigara. Najua habari za Sigmund Freud, aliyevuta takriban 20 kwa siku, akapatikana na saratani ya kinywa mwaka 1923, akapasuliwa zaidi ya mara 30, na hata hivyo akashindwa kuachana nazo. Siku iliyofuata nilimweleza Nahodha kwamba nimekwisha kuonja na inatosha. Akaniachia ile ya pili ya Kameruni, aliyokuwa ameiweka kwa ajili yake. "Mpelekee mama," akasema.

Nilidhani anafanya mzaha, lakini nilipokwenda nyumbani mwezi uliofuata niliichukua. Mama sasa haoni vizuri. Tumbaku aliiacha zamani, shamba likawa la mahindi na maharagwe, na bani lilianguka lenyewe. Nilimwekea biri kiganjani bila kumwambia ni nini. Aliinusa kwa muda mrefu. Akaipitisha kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, akasimama pale kwenye kikofia, akarudi tena.

"Hili halikuona moto," akasema.

Nikamjibu kwamba ni kweli, lilikaushwa kivulini.

"Ni jani la mtu mwangalifu. Halina tundu hata moja." Kisha akauliza bei.

Nilimtajia nusu ya bei halisi, na bado aliguna. Akaipima tena kiganjani, akaniuliza kilo moja inatoa biri ngapi. Nikamwambia kama themanini. Akakaa kimya, vidole vyake vikihesabu juu ya paja kama alivyokuwa akifanya zamani siku za malipo, kisha akaifunga tena katika karatasi yake, akaitia ndani ya sanduku lake la nguo, na tangu siku hiyo hajaitaja.