Kwa Nini Dawa Zipo na Kifua Kikuu Kingalipo

Muhula huu nilikuwa nikifundisha Kidato cha Tatu habari za bakteria. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, ikiwa dawa ya kifua kikuu imekwisha patikana tangu zamani, na tena hutolewa bure, mbona watu wangali wakifa?" Nilimjibu kwa maneno machache, maana kengele ilikuwa imekwisha lia. Lakini swali lile lilistahili jibu zuri kuliko lile nililompa, na kwa kuwa wazazi nao husoma gazeti hili, naomba nafasi ya kulijibu hapa.

Si swali dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu, na watu milioni 1.25 walikufa. Katika orodha ya shirika hilo ya miaka ya 2021 hadi 2025, Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa maradhi haya.

Kwanza yafaa tumjue adui. Tarehe 24 Machi 1882, daktari Mjerumani aitwaye Robert Koch aliwaambia wataalamu wenzake mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Kijidudu hiki ni chembamba kama kijiti, na ganda lake lina nta, kwa hiyo dawa nyingi hazipenyi. Tena ni kivivu. Bakteria wengine wa tumboni hugawanyika wakawa wawili kwa dakika 20 tu, lakini huyu huchukua muda wa saa 20 hivi. Kwa sababu hiyo mgonjwa hukonda pole pole, na dawa nazo hufanya kazi pole pole. Ndiyo maana mtu mzima kwa kawaida humeza dawa miezi sita: miezi miwili ya kwanza dawa nne, yaani isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli, na miezi minne iliyobaki dawa mbili, isoniazidi na rifampisini.

Hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Kaka yangu mwenyewe alijikwaa hapo. Alikuwa akichimba dhahabu katika machimbo madogo ya upande wetu huu wa Handeni, akaugua, akapimwa, akaanza dawa. Baada ya miezi miwili kikohozi kikakatika, akanenepa, akaona amekwisha pona. Akarudi machimboni. Huko akawa akimeza leo na kuacha kesho, mpaka vidonge akavisahau kabisa. Mwaka uliofuata kikohozi kikarudi. Akapewa dawa tena, lakini safari hii hazikumfaa. Makohozi yake yakapelekwa mbali kupimwa, nasi tukangoja majibu kwa majuma mengi. Muda wote huo alikuwa akilala chumba kimoja na wanawe wawili. Majibu yalipokuja, tuliambiwa kwamba vijidudu vyake vimekuwa sugu: isoniazidi na rifampisini hazivitishi tena.

Usugu huu hutoka wapi? Si uchawi, wala si kwamba mwili wa mtu umeizoea dawa. Ni hesabu. Kijidudu kinapogawanyika hunakili maandishi yake ya urithi, na mara chache sana hukosea herufi moja. Makosa mengi hayana maana, lakini kosa moja laweza kumfanya asidhurike na dawa fulani. Kwa isoniazidi, kijidudu mmoja kati ya milioni 1 hivi huwa na kosa la namna hiyo hata kabla mgonjwa hajameza kidonge. Kwa rifampisini ni mmoja kati ya milioni 100 hivi. Sasa, tundu moja katika pafu la mgonjwa laweza kuwa na vijidudu milioni 100. Ukimpa isoniazidi peke yake, watakufa karibu wote, ila 100 watabaki, na hao 100 ndio watakaozaa. Lakini ukimpa dawa zote mbili pamoja, lazima apatikane kijidudu mwenye makosa yote mawili. Zidisheni wenyewe: ni mmoja kati ya idadi iandikwayo 1 na sifuri 14 nyuma yake. Pafu halina vijidudu wengi kiasi hicho. Basi dawa zikiwa pamoja, na zikimezwa kila siku, hakuna atakayeponyoka.

Mkulima ataelewa upesi nikitaja ndago. Ukipalilia shamba mara moja tu ukaenda zako, majani laini hufa, na ndago hupata nafasi yote. Mvua ijayo huna shamba la mahindi, una shamba la ndago. Mgonjwa amezaye dawa kwa kurukaruka hufanya vivyo hivyo: huwaondoa vijidudu dhaifu na kuwaachia shamba walio sugu.

Madaktari walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1948 Uingereza ilitangaza matokeo ya kujaribu dawa ya streptomisini. Katika miezi sita, kati ya wagonjwa 55 waliopewa dawa walikufa 4, na kati ya 52 waliolazwa tu kitandani walikufa 14. Watu walifurahi mno. Lakini wengi wa wale waliopata nafuu vijidudu vyao vilikuwa sugu, wakaugua tena, na baada ya miaka mitano tofauti baina ya makundi yale mawili ilikuwa ndogo sana. Tangu hapo ikajulikana kwamba dawa moja peke yake haitoshi.

Yafaa pia vijana wetu wajue kwamba Afrika Mashariki imechangia sana elimu hii. Zamani matibabu yalichukua miezi 18. Watafiti wa Afrika Mashariki na wa Uingereza, pamoja na wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania, walijaribu kuyafupisha, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1972 yalionyesha kwamba miezi sita yaweza kutosha ikiwa rifampisini au pirazinamidi imo. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia, alisaidia kuujenga: dawa zisikatike, mgonjwa asimamiwe anapomeza, kila jina liandikwe katika daftari na mwisho wake ujulikane. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mtindo huo likaueneza duniani.

Sasa turudi kwa yale majuma ya kungoja. Hadubini huonyesha kijidudu, lakini haionyeshi kama ni sugu. Panya buku waliofundishwa Morogoro na shirika la APOPO hunusa makohozi ya watu wengi kwa dakika chache na kuwatambua wagonjwa walioponyoka hadubini, lakini nao hawajui usugu. Njia ya zamani ilikuwa kumkuza kijidudu maabarani pamoja na dawa na kuangalia kama atakufa, na kwa uvivu wake huchukua majuma mengi.

Njia mpya ni kusoma maandishi yake ya urithi. Mwaka 1998 wataalamu wa Uingereza na Ufaransa walitangaza kwamba wameyasoma yote: herufi milioni 4.4, zenye jeni 4,000 hivi. Katika jeni moja iitwayo rpoB kuna kipande cha herufi 81 tu, na karibu makosa yote yaletayo usugu wa rifampisini, kama 95 katika kila 100, yamo humo. Mashine iitwayo GeneXpert, iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hukisoma kipande hicho kwa muda usiozidi saa mbili. Mashine hizo zimo siku hizi katika hospitali nyingi za nchi yetu.

Je, na yale makosa machache yaliyo nje ya kipande hicho? Katika nchi ya Eswatini iligunduliwa kwamba vijidudu wengi sugu walikuwa na kosa nje ya herufi zile 81. Mashine ilisema rifampisini yafaa, kumbe haifai. Nchi moja ikilijua jambo kama hilo na kunyamaza, jirani yake atazika watu bila kujua sababu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi wataalamu wa nchi nyingi huweka maandishi ya vijidudu walivyovisoma katika hazina za pamoja, ambazo mtafiti yeyote aweza kuzifungua bila malipo kwa njia ya intaneti. Majina ya wagonjwa hayamo. Kwa kulinganisha maandishi hayo na majibu ya dawa, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2021 orodha ya makosa yaletayo usugu, iliyotoka katika sampuli zaidi ya 38,000. Na mwaka 2023 likatoa ya pili, kutoka sampuli zaidi ya 52,000. Iko pia programu ya bure iitwayo TB-Profiler, iliyotengenezwa katika chuo cha afya na magonjwa ya nchi za joto cha London. Mtaalamu wa Dar es Salaam huipa maandishi ya kijidudu chake, nayo humwambia ni dawa zipi zitakazoshindwa. Vijana mpendao hesabu na kompyuta, kazi hii yawangoja ninyi pia.

Kaka yangu alipona. Watoto wake hawakuugua, namshukuru Mungu. Lakini alitibiwa karibu miaka miwili, na sindano alizochomwa kila siku kwa miezi mingi ziliharibu masikio yake. Leo ukizungumza naye huna budi kupaza sauti. Siku hizi wagonjwa wengi wa usugu hutibiwa kwa vidonge tu, miezi sita, kwa mpango uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022. Lakini dawa hizo mpya nazo zimekwisha anza kupata vijidudu sugu. Tukizichezea, tutazipoteza.

Basi jibu la mwanafunzi wangu ni hili: dawa zipo, lakini dawa haimezwi na hospitali, humezwa na mtu, kila siku, hata akiisha jiona mzima. Akohoaye majuma mawili au zaidi, aende akapimwe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tufungue madirisha ya mabweni yetu usiku na mchana. Na ikiwa nyumbani kwako yuko amezaye dawa hizi, usimcheke wala usimtenge. Mwulize kila siku kwa upole, "Umekwisha meza?" Mimi sikumwuliza kaka yangu.